NGAZI YA VIPIMO: TANGU DHARRA MPAKA UPEO WA NYOTA
Darasa kwa wanafunzi wa chuo na wazee wao

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ewe ndugu msomaji, fahamu ya kuwa karatasi hizi chache nimeziandika kwa sababu ya suali nililoulizwa na mwanafunzi wangu mmoja hapa Nyarugusu, katika nchi ya vilima ya Kasulu. Ilikuwa baada ya sala ya Isha, mwezi wa Novemba, mvua imekwisha kupita na mbingu imetakata, nasi tumeketi uani mwa chuo tukitazama Kilimia kikipanda upande wa kaskazini mashariki. Nikawaambia watoto kwamba dunia hii tuikanyagayo ni ndogo mno mbele ya nyota, na kwamba nyota tuzionazo ni chache mno mbele ya zile tusizoziona. Wote wakasema, "Subhanallah," ila kijana mmoja, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Fizi. Yeye alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Maalim, ikiwa dunia yote ni kama vumbi, basi sisi wa kambini ni nini? Na nani atatuona?"

Sikumjibu usiku ule. Nalijua ya kuwa suali lile limetoka kifuani mwake kabla ya kutoka kinywani. Tena naliona ya kuwa kosa ni langu mimi mwalimu, kwani nimempa ukubwa pasi na kumpa kipimo. Na mtu apewaye ukubwa pasi na kipimo hupata kizunguzungu, elimu haipati. Basi nikaliandika darasa hili, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa kila asomaye. Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.

FASILI YA 1: NGAZI TULIYOACHIWA NA MAFAKIHI

Kila aliyesoma mlango wa sala ya msafiri katika madhehebu yetu ya Imam Shafi anajua ya kuwa safari ya kupunguza sala ni marhala mbili, nazo ni farsakhi 16. Na farsakhi moja ni maili 3, basi jumla ni maili 48. Kisha wanavyuoni hawakutuacha hapo, bali waliishusha hesabu kidato kwa kidato. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, aliieleza maili kuwa ni dhiraa 6,000. Na dhiraa ni vidole 24. Na kidole ni punje 6 za shayiri zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Na wenye kusherehesha vitabu wakaongeza: punje ya shayiri ni nywele 6 za farasi wa mizigo.

Haya, tupige hesabu. Maili 48 ni dhiraa 288,000. Dhiraa hizo ni vidole 6,912,000. Vidole hivyo ni punje za shayiri 41,472,000. Na punje hizo ni nywele 248,832,000.

Wako waliokhitilafiana na Imam katika dhiraa za maili, na mahali pa kulihakikisha jambo hilo ni vitabu vya fiqhi. Haja yetu hapa ni kuitazama njia yao. Hapana mwanadamu awezaye kuziona nywele milioni 248 kwa mtupo mmoja wa jicho, wala kuziwaza moyoni zikakaa. Lakini mtoto ajuaye kuzidisha huondoka kwenye unywele mmoja wa farasi akafika mwisho wa safari ya siku mbili, wala hapotei njiani, kwa kuwa kila kidato alichokanyaga anakijua: unywele anaujua, punje anaijua, kidole ni chake, na dhiraa ni ya mkono wake.

Huu ndio msingi wa darasa zima, uushike vizuri: kitu kikubwa mno au kidogo mno hakishikwi kwa macho wala kwa kuwaza. Hushikwa kwa kupandiwa kidato baada ya kidato.

Basi nasi tutatengeneza ngazi yetu, na kila kidato tutakifanya kuwa mara 10 ya kile kilicho chini yake. Mahali petu pa kusimama ni mita 1, yaani kimo cha mtoto wa miaka 4. Kutoka hapo tutapanda, kisha tutarudi tushuke.

FASILI YA 2: KUPANDA TANGU UANI MPAKA KWENYE JUA

Kidato cha 1 juu yetu ni mita 10, urefu wa chumba cha kusomea. Cha 2 ni mita 100, na cha 3 ni kilomita 1, yapata robo saa kwa mwenda kwa miguu. Cha 4 ni kilomita 10. Cha 5 ni kilomita 100, na hapo tumekwisha kuingia katika masafa ambayo fakihi anayajua. Kati ya kidato cha 5 na cha 6 limelala Ziwa Tanganyika, ambalo urefu wake ni karibu kilomita 670 na kina chake kirefu ni mita 1,470. Kidato cha 6 ni kilomita 1,000. Na kutoka hapa Nyarugusu mpaka Makka, kwa mstari ulionyoka, ni karibu kilomita 3,000. Kila uelekeapo kibla, masafa hayo ndiyo yaliyo mbele ya uso wako.

Kidato cha 7 ni kilomita 10,000, na hapo tumeifikia dunia yenyewe, kwani upana wake kupita katikati ni kilomita 12,742. Usidhani kwamba kipimo hiki kilingoja vyombo vya siku hizi. Katika zama za Khalifa Al-Maamun, aliyetawala tangu 813 mpaka 833, wapimaji walitoka katika nyika ya Sinjar, nchi ya Iraki, wakaenda kaskazini na kusini kwa kufuata nyota, wakapata daraja moja ya duara ya ardhi kuwa ni maili 56 na theluthi mbili. Na Abu Raihani Al-Biruni, katika karne ya 11, alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, upande wa Hindi, akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama, na kwa hesabu ya pembe akautoa ukubwa wa ardhi karibu sana na tuujuao leo. Hakuizunguka ardhi. Alijua urefu wa mlima mmoja, kisha akaifuata hesabu.

Sasa mbele ya hapo miguu yetu haitoshi, basi tutumie mfano. Nalifanya hivi na wanafunzi, nawe unaweza kuufanya uani kwako. Chukua punje moja ya mtama yenye upana wa milimita 3, useme: hii ndiyo dunia, pamoja na bahari zake na nchi zake zote. Mwezi utakuwa ni chembe ndogo kuliko robo... bali kiasi cha robo ya punje hiyo kwa upana, nao utauweka mbali nayo kwa sentimita 9, upana wa kiganja. Jua litakuwa ni chungu chenye upana wa sentimita 33, na utalipeleka mbali na punje kwa mita 35, yapata hatua 50. Na Neptune, sayari ya mwisho katika zile kubwa zinazolizunguka jua letu, itakuwa mbali na chungu kwa kilomita 1 na kidogo zaidi.

Ukitaka kuyajua masafa yenyewe, mwezi uko mbali nasi kwa kilomita 384,400, na jua kilomita milioni 150. Mtu anayetembea kilomita 40 kila siku, asipumzike hata Ijumaa, angefika mwezini baada ya miaka 26, na kwenye jua baada ya miaka zaidi ya 10,000. Katika ngazi yetu, upana wa jua uko kwenye kidato cha 9, na masafa ya kutufikia yako juu kidogo ya kidato cha 11.

FASILI YA 3: NYOTA, NA NURU ILIYOTOKA ZAMANI

Rudi kwenye punje yako ya mtama. Umekwisha kuweka jua mita 35 na Neptune kilomita 1. Je, nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua utaiweka wapi? Wanafunzi wangu walikisia: mmoja akasema Makere, mwingine akasema Kasulu mjini, na mwenye ujasiri akasema Kigoma. Jawabu yake ni kwamba utaiweka mbali kwa kilomita 9,400 na zaidi, yaani zaidi ya mara tatu ya masafa ya kutoka hapa mpaka Makka, ilhali dunia yetu bado ni punje ya mtama. Nyota hiyo wanafalaki huiita Proxima Centauri.

Kwa ajili ya masafa kama haya waliacha kuhesabu kwa kilomita, wakahesabu kwa mwendo wa nuru. Nuru hukata karibu kilomita 300,000 katika sekunde moja. Kabla hujamaliza kutamka "Alhamdulillah" ingekuwa imekwisha kuizunguka dunia mara saba. Kutoka mwezini hutufikia kwa sekunde 1 na robo, na kutoka kwenye jua kwa dakika 8 na sekunde 20. Kwa mwaka mzima hukata karibu kilomita milioni milioni 9 na nusu, na masafa hayo ndiyo yaitwayo mwaka wa nuru. Ni kidato cha 16 katika ngazi yetu. Proxima iko mbali nasi kwa miaka ya nuru 4 na robo.

Na hicho Kilimia tulichokuwa tukikitazama, ambacho wakulima wa pwani na bara walikifanya alama ya kulima, na Waarabu wakakiita Thurayya, kiko mbali kwa miaka ya nuru 440 hivi. Maana yake, nuru iliyoingia machoni mwetu usiku ule ilikwisha toka huko karne nne na zaidi zilizopita, katika siku ambazo Imam Shamsuddin Ar-Ramli, mwenye kitabu cha Nihaya, alikuwa hai akisomesha Misri, naye alifariki mwaka 1004 wa Hijra. Maneno yake yametufikia kwa kalamu za wanafunzi, kizazi baada ya kizazi. Na nuru ile imetufikia kwa kusafiri miaka yote hiyo pasi na kupumzika. Sisi watu wa vyuoni tunaijua isnadi; basi ifahamu nuru ya nyota kuwa nayo ni khabari ya zamani ifikayo leo.

Usiku usio na mbalamwezi utauona ukanda mweupe umeikata mbingu. Waarabu huuita Majarra. Ni kundi moja la nyota, na jua letu ni mojawapo. Hesabu yake hukadiriwa kuwa kati ya nyota milioni 100,000 na milioni 400,000. Upana wake ni yapata miaka ya nuru 100,000, nacho ni kidato cha 21.

Kisha elekea kaskazini, miezi ya Oktoba mpaka Desemba, utafute palipo na doa dogo la ukungu lisilotulia jichoni. Wa kwanza kuliandika katika vitabu vilivyotufikia ni Abdurrahmani As-Sufi, mwaka 964, katika kitabu chake cha nyota zisizohama, akaliita wingu dogo. Yeye hakuwa na darubini. Leo tunajua ya kuwa wingu lile ni majarra nyingine kubwa kama yetu na zaidi, iliyo mbali kwa miaka ya nuru milioni 2 na nusu. Wanafalaki huiita Andromeda. Hiyo ndiyo miongoni mwa vitu vya mbali kabisa ambavyo jicho tupu la mwanadamu huviona, nawe huhitaji kununua chombo chochote ili uione.

Na majarra nyingine ni nyingi mno, hukadiriwa kwa mamia ya maelfu ya mamilioni. Upana wa ulimwengu wote unaoweza kuonekana kwa vyombo ni miaka ya nuru milioni 93,000, nacho ni karibu na kidato cha 27. Hapo ndipo upeo wa kuona ulipo. Yaliyo nyuma ya upeo huo hayakuonekana na mtu, na asemaye kwamba ameyaona usimsadiki.

FASILI YA 4: KUSHUKA NDANI YA TONE LA MAJI

Sasa turudi kwenye mita 1, tushuke. Watu wengi wakisikia habari za nyota hushangaa, na wakisikia habari za vidogo husinzia. Na hakika ni kwamba chini yetu mna ajabu kama zilizo juu yetu.

Kidato cha 1 chini ni sentimita 10, kiganja. Cha 2 ni sentimita 1, na cha 3 ni milimita. Cha 4 ni sehemu ya kumi ya milimita, na hapo pana unywele wa kichwa chako. Mafakihi katika ngazi yao walikomea karibu na hapo, kwani ndipo jicho linapokomea. Cha 5 ni sehemu ya mia ya milimita, na chini yake kidogo pana chembe nyekundu ya damu. Katika tone dogo la damu lenye ukubwa wa milimita 1 kila upande mna chembe hizo milioni 4 mpaka 5. Mpimaji wa zahanati anapoinamia hadubini kutafuta malaria, anatafuta kijidudu kilichojificha ndani ya chembe hiyo.

Kidato cha 6 ni sehemu ya elfu ya milimita, na hapo wapo wadudu wa kipindupindu. Wa kwanza kuwaona viumbe wadogo wa namna hii majini alikuwa mfanya biashara wa nguo wa Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, katika miaka ya 1670, kwa vioo alivyovisaga kwa mkono wake. Kidato cha 7 ni cha virusi vingi. Na kidato cha 10 ndicho cha atomi, ambazo kila kitu kimeundwa kwazo.

Ili uufahamu udogo huu, chukua tone moja la maji lidondokalo kwenye ncha ya kidole. Vijisehemu vya maji vilivyomo, viitwavyo molekuli, lau watu wote wa dunia, milioni 8,000, wangevihesabu, kila mtu kimoja kwa kila sekunde, bila kula wala kulala, wasingemaliza kabla ya miaka 6,000. Na kama hilo halikukutosha, basi lifikirie Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni kilomita za mraba-tatu, yaani za urefu na upana na kina, 18,900. Ligawe ziwa lote matone matone. Hesabu ya matone hayo ni ndogo kuliko hesabu ya molekuli zilizomo katika tone moja lililo kidoleni mwako, yapata robo yake tu. Wazee wetu walikaa usiku kucha ndani ya mashua wakidhani ziwa halina mwisho. Na hesabu kubwa kuliko ile ya matone ya ziwa ilikuwamo katika kila rashasha iliyowarukia usoni.

Wala atomi si mwisho. Katikati yake mna kiini. Chukua tena punje yako ya mtama, uifanye ndiyo kiini cha atomi ya haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote. Atomi yenyewe itakuwa na upana wa karibu mita 200. Kiini hicho kiko kwenye kidato cha 15 chini yetu. Basi ngazi yetu ina vidato 42: 27 juu, na 15 chini.

FASILI YA 5: MASALA YA PIPA LA MAJI

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya wanafalaki na matabibu, yanamhusu nini mtu wa fiqhi? Nami namjibu kwa masala yaliyotufika.

Mwezi wa Mei 2015 watu maelfu kwa maelfu waliokimbia kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilicho ukingoni mwa ziwa, na kipindupindu kikazuka kati yao, wengine wakafa. Meli ya Liemba ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma, na kutoka Kigoma wengi wao wakaletwa hapa Nyarugusu. Katika siku kama hizo nalimsikia mtu mmoja akikataa kuchemsha maji. Hoja yake ilikuwa hii: pipa langu linazidi kula mbili, yaani yapata lita 200, na maji ya kula mbili hayanajisiki ila yakibadilika rangi au tamu au harufu, tena Imam Nawawi katika Minhaji amehakiki kwamba najasa isiyodirikiwa na jicho imesamehewa. Basi maji haya ni tohara, nami nayanywa.

Hukumu alizozitaja ni sahihi zote mbili, na matokeo yake ni batili. Sababu ni nini? Sababu ni kwamba amepanda vidato viwili tofauti kwa mguu mmoja. Tohara imewekwa kwenye kidato cha jicho la mtu, kwa kuwa sharia ni ya watu wote, na haikumkalifisha bibi kizee wa kijijini kutafuta hadubini ili asihi udhu wake. Hiyo ni rehema. Lakini madhara hayangoji kuonekana na jicho. Yenyewe yako kwenye kidato cha 6 chini yetu, na hapo mwenye kusikizwa ni tabibu. Na mafakihi wetu walikwisha kupambanua mambo haya zamani, waliposema kwamba sumu hata ikiwa tohara ni haramu kuliwa kwa sababu ya madhara yake. Basi maji ya pipa lile yanafaa kwa udhu, na kuyanywa kabla ya kuyachemsha mpaka yatokote, au kutiwa dawa, hali ya kuwa maradhi yameenea, ni kujitia katika maangamizo.

Ndugu msomaji, tazama ni watu wangapi waliohasirika kwa kutojua wamesimama kidato gani. Elimu ya vipimo si pambo.

TANBIHI

Neno "dharra" limetajwa katika Qurani zaidi ya mara moja, na siku hizi hutumiwa katika Kiarabu kwa maana ya atomi. Wako wanaosema kwa hivyo kwamba mambo ya viini na atomi yalikwisha elezwa humo. Nami nawaonya wanafunzi wangu wasiseme hivyo. Katika lugha ya Waarabu wa wakati ule dharra ni sisimizi mdogo, au kile kivumbi kionekanacho katika mwale wa jua upenyao dirishani. Walisemezwa kwa kitu kidogo walichokijua. Mwenye kuibandika aya kwenye elimu ambayo kesho huenda ikasahihishwa, ameiweka aya mahali pa hatari pasi na haja. Lakini tazama katika Sura ya Yunus, aya ya 61, na Sura ya Saba, aya ya 3: baada ya kutajwa uzito wa dharra, panatajwa kilicho kidogo kuliko hicho na kilicho kikubwa. Hilo linatutosha, kwani limeiacha ngazi wazi pande zote mbili.

JAWABU YA SUALI

Sasa namrudia kijana wangu. Uliuliza: sisi wa kambini ni nini? Nakujibu kwa kipimo, wala si kwa kukubembeleza.

Kwanza, kama udogo wa mwili ungekuwa ni dhila, basi dhila hiyo ingekuwa ya wote sawasawa. Katika punje ile ya mtama, mfalme katika jumba lake na mtoto chini ya turubai la kambi hawapimiki wala hawapambanuliki. Mipaka tuliyoivuka kwa hofu, kati ya Kongo na Burundi na Tanzania, haionekani. Mwenye kujiona mkubwa kwa sababu ya nchi yake au nyumba yake hakupata kuitazama punje hiyo.

Pili, ukubwa si daraja. Mdudu wa kidato cha 6 chini yetu amewaangusha mashujaa, na majarra za kidato cha 21 hazijamdhuru mtu wala kumfaa kwa kutaka kwake. Tumepanda vidato 27 na kushuka 15, na katika vyote hivyo hatukumkuta aulizaye suali ila mmoja, naye alikuwa ameketi uani mwa chuo, mwenye kimo cha mita 1 na nusu. Asiyekuwa kitu hawezi kuuliza yeye ni nini.

Tatu, uliuliza nani atatuona. Mimi na wewe huona kidato kimoja, ndiyo sababu tukiinua macho kwenye nyota tunamsahau jirani, na tukimtazama jirani tunazisahau nyota. Lakini Yule aliyeiweka ngazi hana kidato kilicho mbali naye na kingine kilicho karibu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na tangu siku hiyo hapana jina lililozikwa hapa wala lililozama ziwani likamfichikia. Na katika Sura ya Zilzala tumeambiwa ya kuwa amali hupimwa hata kwa uzito wa dharra. Basi anayeona kidogo kama hicho, utakuwaje wewe usionekane?

Na kipo kilichobaki juu yetu wenyewe. Usingoje kuonwa tu, nawe uone. Wazee wako katika nyumba ya tatu hawana nguvu ya kuchota maji. Huo nao ni upeo, na mguu wako waweza kuufikia.

KHATIMA

Siku ya pili nalimpa kijana yule punje ya mtama, nikamwambia aipeleke mahali pake. Akaiweka juu ya jiwe chini ya mwembe, akahesabu hatua 50 mpaka kilipo chungu, akarudi, akaitafuta asiione kwa udogo wake. Akapiga magoti, akaitafuta tena kwa mikono mpaka akaipata, akaifunga katika pembe ya shuka yake. Sikumuuliza kwa nini.

Wanafunzi na wajibu haya kabla ya darasa lijalo:

1. Unywele wa farasi na marhala mbili, kuna vidato vingapi kati yake kwa ngazi ya mafakihi, na kwa ngazi ya kumi kumi?
2. Ikiwa punje ya mtama ni dunia, kibanda chako na uani mwake vina upana gani?
3. Kwa nini maji ya kula mbili yaweza kuwa tohara na yakaua? Taja kidato cha kila hukumu.
4. Tafuta wingu dogo la As-Sufi usiku usio na mwezi, kisha umwonyeshe mtu mmoja asiyelijua.

Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa tuliyoyajua, na atujulishe yenye kutufaa, na awarehemu waliotutangulia katika elimu na waliotutangulia katika njia ya ziwa. Wallahu aalamu bissawabu.